Nyumba ya kupanga, wageni hawaji, sasa nampambia nani?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, nimepanga Tabata Kimanga chumba, sebule na jiko dogo, naishi na binti wa marehemu kaka yangu, ana miaka 11. Mwaka huu nimeanza kununua vitu kidogo kidogo, pazia la kijani la chumbani, picha ndogo ya tingatinga ya ndege wawili nimeitundika mbele ya kitanda, na maua mawili ya kwenye kopo. Wiki iliyopita dada yangu mkubwa kaja, akaangalia, akasema "unapamba nyumba ya mtu? Jenga kwanza ndo upambe, na kwanza nani anakuja kwako?" Nilicheka ila usiku sikulala vizuri maana sikua na jibu. Ni kweli wageni hawaji. Sasa napamba kwa ajili ya nani? Ni kujionyesha au ni upweke? Na kama sio ujinga, nina laki tatu, niendelee na nini? Sebule ina giza hata mchana, ukuta wa jirani uko pale pale dirishani.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma jana usiku nikalirudia tena asubuhi, na kuna kitu umekiandika katikati pale kama vile hakina uzito lakini mimi ndo kimenishika, umesema ile picha ya ndege umeitundika chumbani, mbele ya kitanda. Sebuleni hukuiweka. Sasa niambie wewe, mtu anayejionyesha anachukua pambo lake zuri kuliko yote analiweka chumba ambacho mgeni haingii? Umeliweka mahali ambapo ukifungua macho saa kumi na moja alfajiri, kabla hujaanza kuwaza daladala na madaftari, ndo kitu cha kwanza unachokiona. Jibu la kumpa dada yako ulikua nalo ukutani siku zote, ulikosa tu namna ya kulisema.

Na niseme kidogo kuhusu hiyo picha maana imenifurahisha. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, zikawa zinauzwa nje ya duka la Morogoro Stores kule Oysterbay, akafariki mwaka 1972 na mkono wake ukabaki kwa wanafunzi wake mpaka leo. Miaka yote hiyo nyingi ya picha hizo zinanunuliwa na watalii zinapanda ndege, na sisi wenyewe sebuleni tunatundika maporomoko ya maji ya huko Ulaya yaliyochapwa kwenye plastiki. Mwalimu wa Tabata kununua yake na kuilaza chumbani kwake, mimi naona ni jambo kubwa.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Kazi hii ya kupamba nyumba za watu naifanya hapa Dar mwaka wa 16 sasa. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na mimi miaka ya mwanzo nilikua nalipwa kupamba nyumba nisizolala ndani bila hata kuwauliza wanaolala humo wanaishije. Kuna nyumba moja Goba siisahau, mama alikuja na picha kwenye simu, anataka kila kitu kijivu, makochi ya kijivu, kapeti la kijivu, mapazia ya kijivu yale ya kung'aa, nikamfanyia vile vile alivyotaka, tukapiga picha, watu wakasifia mpaka nikapata kazi nyingine tatu. Baada ya mwaka nikapita kumsalimia. Nikakuta makochi yamefunikwa vitenge, ile meza ya kioo imesukumwa ukutani, na familia nzima iko chini kwenye mkeka wanakula wali na samaki huku tamthilia inaendelea. Akaona aibu akaanza kuvuta vile vitenge haraka haraka, nikamwambia mama acha, kosa ni la kwangu, mimi ndo sikuuliza mnakulaga wapi.

Toka siku hiyo nikibisha hodi kwa mtu simuonyeshi picha yoyote. Naomba maji ya kunywa, nakaa, alafu namuuliza, ukiwa peke yako humu ndani, umeshaoga, hakuna anayekutazama, unakaaga wapi? Yaani swali hilo moja limenifundisha kuliko kozi zote. Mama mmoja Mbezi Beach ana sebule mbili, ameniita nipambe ya pili, kumuuliza hivyo akacheka akanipeleka kwenye ngazi ya mlango wa jikoni unaotokea uani. Kila jioni anakaa pale anachambua mchele, hata kama dada wa kazi yupo na hana cha kufanya, kwasababu pale ndo upepo unapita na anasikia watoto wa jirani wakicheza, na kwao Tanga mama yake alikua anakaa hivyo hivyo. Basi ile hela ya sebule ya pili tukaihamishia uani, tukatanua kile kibaraza, tukaweka benchi pana la mbao, taa ya njano ukutani, vyungu vya mrehani na asumini. Sebule ya pili mpaka leo haina pazia la maana na wala hana habari nayo.

Mwingine kijana wa bajaji Mbagala, yeye anapiga kazi usiku analala mchana, akaniambia dada mi nataka giza tu. Mimi ambaye kutwa nawaambia watu fungueni madirisha mwanga uingie, kwake ushauri huo ungekua sumu. Tukamshonea pazia la vitambaa viwili, cha nyuma cheusi, tukalifanya lipite fremu ya dirisha kama sentimita 20 kila upande ili jua lisichungulie pembeni, tukaongeza feni maana dirisha likizibwa hivyo joto linabaki ndani, basi, chumba kimekwisha. Alafu kuna dada alitoka kwenye ndoa ya miaka 9 akahamia chumba kimoja Sinza, hana hata godoro la maana, kitu cha kwanza kununua ni mapazia ya njano, ile njano ya embe dodo iliyoiva, nikamuuliza mbona umeanza na haya, akasema kule nilikotoka sikuwahi kuchagua rangi hata ya ndoo.

Na wa mwisho sikumpamba mimi, nilimjua tu, mama wa Mabwepande, mmoja wa wale waliohamishwa kutoka bondeni baada ya mafuriko ya mwezi wa 12 mwaka 2011. Amepoteza kila kitu, kaletwa kwenye kiwanja kitupu, na kabla tofali la kwanza halijalala pale yeye alishachimbia mche wa asumini mahali alipokusudia mlango uje kuwa. Nyumba ilikuja kuufuata ule mche. Huyo hakua na wageni, hakua hata na mlango wa kumfungulia mgeni, lakini alikua anaiambia ile ardhi kwamba sasa mimi ndo niko hapa.

Nimekuhadithia hao wote uone kwamba kila mmoja alikua na sababu yake na sababu hiyo ndo iliyoamua kitu gani kinunuliwe. Mmoja alitaka kukaa kama mama yake alivyokaa, mwingine alitaka usingizi, mwingine alitaka achague mwenyewe baada ya kuchaguliwa miaka tisa, mwingine alitaka mahali pamtambue. Ukiijua sababu yako hela kidogo inafanya kazi kubwa, usipoijua hata milioni tano zinapotea Kariakoo kwa siku moja na nyumba inabaki kama ya kwenye tangazo. Ndo maana laki tatu yako tutaifikia, ila mwisho.

Dada yako sasa. Usimwone mbaya. Yeye anaongea kutoka kwenye sababu ambayo na yenyewe ni ya kweli na ya zamani sana huku pwani, ya kwamba nyumba inapambwa ili anayeingia aone umejiandaa kumpokea. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimekulia Magomeni kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na korido katikati, sisi tulikua na vyumba viwili, na mama alikua na shokesi yenye glasi sita za mistari ya dhahabu ambazo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuzishika, maji tunakunywa kwenye vikombe vya bati. Watu wengi wa rika langu wanazisimulia hizo glasi kwa uchungu, mimi simlaumu mama hata kidogo. Kwenye nyumba ile jiko ni la wote, choo ni cha wote, kila mpangaji anajua mwenzake leo kapika nini na jana kagombana na nani, ile shokesi ndo ilikua kitu pekee kinachosema huyu mama pamoja na yote ana heshima yake. Alikua anaifuta vumbi kila Ijumaa peke yake mlango umefungwa. Kwahiyo hata pambo la wageni ukilichunguza ndani yake kuna mtu na sababu yake.

Ila hebu nikupe na kitu cha kumjibu kutoka huko huko zamani. Watu wetu wa pwani walipenda kupamba, ukienda magofu ya Kunduchi hapa hapa Dar utaona makaburi ya nguzo ambayo yalipachikwa mabakuli ya kaure yaliyotoka China. Na zile nyumba za mawe za Lamu zilikua na zidaka, vile vishubaka vingi vya chokaa ukutani vya kupangia vyombo vizuri. Sasa ukuta wenye zidaka haukua pale kwenye daka la mlangoni wanapokaa wageni wa nje. Ulikua chumba cha ndani kabisa, cha wenyewe. Kwa nje ile nyumba ni ukuta mtupu na mlango, kadri unavyoingia ndani ndo mapambo yanavyozidi. Ndo maana tukasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwahiyo wewe na picha yako ya ndege mbele ya kitanda hujaleta jambo geni la mjini, uko pamoja na wale wazee.

Shida yangu mimi na kupambia wageni peke yake ni kwamba macho ya mgeni hayana kituo. Leo wanasifia kijivu, mwakani wanasifia jipsam yenye taa za bluu, mwaka wa tatu zile mbao za plastiki za nyuma ya tivii, na wewe unalipa kila mara, na mgeni mwenyewe anakaa saa moja anakunywa soda anaondoka. Wewe ndo unabaki na ile nyumba usiku.

Kuhusu kujenga kwanza. Sina ubaya na kujenga, nunua kiwanja, weka akiba, ni jambo jema. Lakini sote tunajua watu wa Dar tunavyojenga, mwaka huu msingi, mwaka ule tofali, mvua zinapita mbili tatu ndo bati zinapanda, ukimaliza kwa miaka kumi umejitahidi. Binti yako ana miaka 11. Ukisubiri nyumba iishe ndo apate kona nzuri ya kukaa atakua na miaka 21 na pengine yuko chuo au kwake. Utoto wake unaishia hapo hapo Kimanga kwenye hiyo nyumba ya mtu, hapo ndo atakapokuja kupakumbuka akisema "nyumbani". Hili ndo ningependa dada yako alisikie kuliko yote.

Na hofu ya kuacha hela kwa mwenye nyumba ina dawa yake. Mimi wapangaji huwa nawapa kipimo kimoja, kitakachopanda kirikuu siku ya kuhama ndo kinunue kwa moyo mweupe, pazia, taa, mkeka, picha, kioo, kiti, chungu cha maua. Kisichopanda kirikuu, kama rangi, fanya kidogo na kwa makubaliano. Na marumaru usiweke hata kama unatamani vipi, maana nimeshaona mtu anatandika marumaru kwa hela yake, kodi ya miezi sita inaisha, mwenye nyumba anapandisha kwa sababu nyumba imekua nzuri.

Umeuliza pia kama ni upweke. Hapo naomba niseme taratibu. Inawezekana, sio yote, ila kipande inawezekana, na wala sioni cha kuonea aibu. Umempoteza kaka, unalea mtoto wake, unarudi jioni nyumba imenyamaza, halafu unanunua picha ya ndege wawili. Mtu aliye mpweke anaweza akakaa gizani miaka akala amesimama jikoni, wewe umeamua kujitengenezea mahali pa kurudi, mimi nakiita kujijali. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 1981, wa Mihaly Csikszentmihalyi na Eugene Rochberg-Halton, waliwaendea watu 315 wa familia 82 pale Chicago wakawauliza humu ndani kwako vitu gani ni vya pekee kwako na kwa nini. Walichokuta ni kwamba watu wanavipenda vitu vyao zaidi kwa ajili ya kumbukumbu na watu walioko nyuma yake, hiki alinipa bibi, hiki tulinunua siku ile, kuliko bei au mtindo. Mimi sijafika Chicago lakini nikiingia nyumba za Dar naona hicho hicho, picha ya mahafali iliyopauka, kanga ya marehemu mama iliyokunjwa juu ya kochi, kalenda ya miaka minne iliyopita haitolewi kwasababu ina picha ya msikiti au kanisa la kijijini kwao.

Kwahiyo nakuuliza, humo ndani kuna kitu chochote cha kaka yako? Hujataja. Kama kipo kiko kwenye begi juu ya kabati, nakisia, maana wengi wetu tunaweka huko. Mimi nisingekwambia ukitoe ukitundike kesho. Muulize mtoto. Kuna watoto wanataka picha ya baba iwe karibu na kitanda, kuna wengine wanaumia kuiona kila siku wanapenda iwe kwenye droo wanajua ipo, na wengine hawataki picha kabisa wanataka saa yake au shati lake. Akikwambia sebuleni, weka sebuleni. Akikwambia bado, subiri. Hilo halitakugharimu hata shilingi na huenda likawa ndo pambo kubwa kuliko yote utakayofanya.

Na katika utafiti ule ule wazee walitaja zaidi picha, vijana wakataja zaidi vitu vya kutumia, mfano redio za muziki. Nakwambia hilo kwa sababu ya huyo binti, kona yake usimpambie wewe kwa vitu vya kutazama. Mtoto anapenda kitu cha kufanyia kitu. Mpe ukuta mdogo, hata ubao wa mita moja kwa nusu mita, abandike anachotaka, achore, abandue, na usimrekebishe hata kama kapanga upogo.

Haya, sasa laki tatu.

Wiki hii usinunue kitu. Jiangalie tu unapokaa. Mimi nakisia madaftari unasahihishia kitandani, mgongo unauma, taa iko nyuma yako unajipiga kivuli mwenyewe. Kama ndo hivyo basi hitaji lako la kwanza ni meza na kiti, tena kimoja cha maana kuliko seti ya viti vitatu vya kupokelea wageni wasiokuja. Keko mafundi wapo wengi, hata huko mtaani kwako wapo, mwambie akutengenezee meza nyembamba ya urefu wa kusimama sentimita 75, kiti cha kukalia kiwe kwenye 45, mbao ya kawaida tu, usikubali anakili meza ya ofisi. Hii itakula sehemu kubwa ya hela na nakubali iile, kwasababu utaikalia kila siku, na mtoto atafanyia homuweki hapo hapo.

Giza la sebuleni. Watu watakwambia nunua taa kali, usikimbilie huko. Dirisha lako linatazamana na ukuta wa jirani, maana yake mwanga unaoingia kwako mchana mwingi umeshagonga ule ukuta ndo unarudi kwako, na kama ule ukuta ni tofali tupu la kijivu au umeota ukungu mweusi, unaumeza mwanga wote. Nenda kaongee na jirani vizuri, mwombe umpakie chokaa nyeupe kile kipande kinachotazamana na dirisha lako, kwa hela yako. Chokaa ni rahisi, kazi ni ya asubuhi moja, na ukuta wake unapata kupendeza bure. Nimefanya hivi Buguruni na Manzese kwenye nyumba zilizobanana kabisa na tofauti inaonekana siku hiyo hiyo.

Ndani mwako, ukuta ulio mkabala na dirisha ndo wa kupaka, rangi ya maji, nyeupe ya maziwa, isiyong'aa sana. Ukuta wa mita 3 kwa 3 ni mita za mraba 9, ukipaka mikono miwili ni 18, lita moja inafunika kama mita 8 mpaka 10, kwahiyo lita 2 zinakutosha na kopo la lita 4 linapata kuta mbili, fundi akikwambia ndoo nzima mkatalie kwa upole. Mtumie mwenye nyumba meseji kwanza akubali, na omba hela ya rangi ikatwe kwenye kodi ijayo, wapo wanaokubali. Kama chini ya ukuta rangi inabanduka na kuna unga unga mweupe, huo ni unyevu na chumvi zinapanda kutoka chini, usipake juu yake na tafadhali usibandike stika za ukutani wala wolpepa. Zinaficha miezi mitatu minne, ukungu unakua nyuma yake, siku zikibanduka zinatoka na plasta na mtoto kifua kinambana. Nimegombana na wateja kwa ajili ya stika mara nyingi na nitaendelea.

Kioo kimoja kikubwa, hata cha mitumba, ukikiweka pembeni ya dirisha kwenye ukuta unaokutana nao, kitasukuma mwanga mpaka ndani. Maua yako yasogeze dirishani, kwenye hiyo sebule yatanyauka, kila wiki zungusha kopo.

Taa za usiku nunua bulbu mbili za LED, bulbu moja haifiki elfu kumi kwa hizi za kawaida za wati 9. Soma boksi, utaona namba na herufi K. Tunazowekewa nyumba nyingi ni 6500, ule weupe wa bluu wa dukani na wodini, ndo unafanya sebule ya Dar usiku ionekane kama unasubiri kuitwa namba. Wewe chukua ya 3000 au 2700, njano ya mshumaa, ya sebuleni na chumbani, na ile nyeupe iache kwenye meza ya madaftari. Kwa hela ndogo sijaona kitu kinachobadilisha nyumba kuliko hiki.

Mapazia. Dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu, ukiliwekea tena yale mapazia mazito ya tabaka mbili umeziba upepo, na Dar hii kusi na kaskazi ndo kiyoyozi chetu sisi tusio na kiyoyozi. Tafuta kitambaa chepesi, pamba au hata kitenge au kanga unayoipenda maneno yake, Mtaa wa Uhuru utachagua mpaka uchoke. Bomba la pazia litokeze nje ya dirisha huku na huku ili ukifungua kitambaa kikae juu ya ukuta kisikae juu ya kioo, utapata mwanga wote.

Udi au ubani jioni kama unapenda, chetezo kidogo tu, harufu ya nyumba ni yako peke yako na hakuna atakayekuiga.

Laki moja hapo iache, usiiguse mwezi mzima. Mwanga ukishabadilika utaviona vitu ulivyonavyo kwa macho mengine na kuna unavyovitamani leo hutavitaka tena.

Jumamosi ukishuka Kariakoo nenda asubuhi, mchukue na binti achague kitambaa cha kona yake, na kabla hujatoka nyumbani pima dirisha, upana na urefu, uandike kwenye karatasi, kitambaa kata mara mbili ya upana. Wengi wanakisia kwa mikono dukani, wanarudi na pazia linaloishia katikati ya ukuta.